Mpasua kuni wa Asembo Bay aliyeikataa mashine ya haraka

Moshi wa kwanza unapanda kutoka vibanda vya kukaangia samaki, Asembo Bay, na Lornah Ajwang anatumbukiza gogo la mkaratusi ndani ya tairi kuukuu la gari. Tairi linalishika gogo lisimame wima. Anarudi nyuma, anainua shoka, anashusha.

Gogo halipasuki. Anashusha tena. Mara ya tatu linatoa mlio mkavu na kufunguka.

Pembeni, mume wake, Gordon Owiti, anainuka kutoka kwenye kisiki ili amsaidie.

"Kaa, Baba Cliff," Lornah anamwambia bila kugeuka.

Anakaa.

Kuni za mama huyu wa miaka 46 ndizo zinazowasha majiko ya wanawake wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kutolewa. Zamani tairi halikuhitajika. Owiti ndiye aliyekuwa akipasua, na Lornah alishika gogo kwa mkono, akaliweka sawa, kisha akautoa mkono mumewe alipoinua shoka. Walifanya hivyo kwa miaka mingi na hakuna aliyewahi kuumia.

"Shoka unaliona likipanda," anasema. "Likipanda, unatoa mkono. Hakuna mtu wa kukuambia."

Mwaka jana walikodi mashine ya kupasua kuni, ile ya magurudumu. Injini ya petroli huzungusha magurudumu mawili mazito ya chuma. Leva ikivutwa, nguvu yote iliyojikusanya humo hutoka kwa pigo moja, na gogo huwa vipande kabla hujapepesa jicho. Pigo likishaanza, halirudi.

Kwa kuwa magogo yalikuwa mazito, wawili hao walibadilishana kazi. Owiti akawa wa kupakia, Lornah wa kuvuta leva. Wiki hiyo ya kwanza, gogo moja lililopinda liliinama kwenye mashine. Owiti alinyoosha mkono kuliweka sawa, kama mkewe alivyozoea kufanya mbele ya shoka lake.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikatika.

"Nilivuta mimi," anasema Lornah. Anaokota vipande vya kuni na kuvipanga.

Tangu siku hiyo Owiti hawezi kukamata shoka. Walipokuwa wawili, walizoea kupata kama shilingi 1,200 kwa siku. Sasa Lornah peke yake akipata 500 anamshukuru Mungu. Bega lake limevimba, na asubuhi mumewe ndiye humvalisha sweta, kwa mkono wake mzima.

Kwa hivyo chama cha wakaanga samaki kilipojitolea kuwanunulia mashine, nao wailipe kwa kuni kidogo kidogo, Lornah alilia. Kisha akaambiwa achague.

Walikwenda Kisumu yeye, mumewe na wanawake watatu wa chama, hadi duka la Huzaifa, kijana anayeuza mashine za shambani. Huzaifa aliwasha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya magurudumu, ndugu ya ile waliyoikodi. Ya pili ilikuwa ya haidroliki, ambayo hulisukuma gogo taratibu kwa nguvu ya mafuta. Leva ikiachiliwa, chuma husimama palepale kilipofika.

Wanawake waliitazama hiyo ya pili ikisukuma, kisha ikirudi, nao wakiingoja.

"Hata mama mkwe wangu ana haraka kuliko hiyo," alisema mwenyekiti wao, Rachael Adoyo, na wote wakacheka. Ya pole pia ilikuwa ghali zaidi, na mpira wake wa mafuta ukipasuka, huenda ukaagizwa kutoka Nairobi huku majiko yamelala.

Wanawake walipotoka nje kupiga hesabu, Huzaifa aliweka gogo la mwisho kwenye ile ya haraka. Liliinama kidogo. Lornah anasema aliuona mkono wa mumewe, ule wenye vidole viwili, ukitangulia kwenda kulinyoosha. Huzaifa alimvuta shati kwa nguvu hadi kifungo kikaruka.

Owiti alicheka. Alisema alikuwa anaonyesha tu.

Jumapili chama kilipokutana, karibu wote walitaka ya haraka. Owiti mwenyewe aliitetea. Alisema kosa lilikuwa lake, si la mashine, na kwamba amejifunza kwa bei kubwa. Ndipo Lornah akasimama na kueleza alichokiona Kisumu.

"Mama Cliff, unaniaibisha mbele za watu," Owiti alisema.

Rachael hakumwacha. "Baba Cliff, mkono ulienda au haukwenda?"

Wanasema Owiti aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Ulienda," akajibu. "Mimi sikuutuma."

Chama kilikubali mashine ya pole. Deni litachukua muda mrefu zaidi kumalizika, na wakaanga samaki wawili hawakungoja. Wamehamia kwa muuzaji mwingine mwenye mashine ya haraka. Nyumbani, Owiti hajasema mengi tangu siku ile. Lornah hamlaumu. Anasema mtu aliyezoea kulisha watu akiambiwa akae, huwa hajui aiweke wapi mikono yake.

Mashine inatarajiwa mwezi ujao. Lornah ameshaamua itakavyofanya kazi. Atapakia mwenyewe na kuvuta leva mwenyewe. Owiti atapanga kuni na kuwauzia wateja, kule mbali kwenye ua wa mabati, ambako tayari amemhamishia kisiki kingine cha kukalia. Bado hajamwambia ni chake.

Anaulizwa ana tumaini gani na mashine hiyo. Anapangusa shoka kwa pindo la leso, anamtazama mumewe.

"Amebaki na viwili," anasema kwa sauti ya chini. "Vinatutosha. Nataka tuzeeke navyo."