Kiko cha Admirali

Kama kuna mtu aliyezaliwa kukaa meza kuu, basi ni Silvester Kikoti, kaka yake Evarista. Iwe harusi, iwe kipaimara, iwe hata mahafali ya chekechea, Evarista humkuta ameshajipachika karibu na keki, suti ya kijivu mwilini na kile kidude cha shaba mdomoni. Mwenyewe hukiita kiko cha admirali. Marehemu baba yao, mzee Jailos, alirudi nacho kutoka vita vya Waingereza, alikokuwa mwanajeshi wa majini. Mwanzoni Silvester alikuwa akisema baba alipewa kiko hicho na admirali, mkubwa wa meli za kivita. Miaka ilivyozidi kwenda, admirali akawa ni mzee Jailos mwenyewe. Marehemu alipandishwa cheo akiwa kaburini, na hakuna aliyemwona akilalamika.

Evarista alikuwa na mashaka yake. Yeye huuza nyanya Ilula, kando ya barabara kuu, tangu wanawe wakiwa wa kubebwa mgongoni, na muuza nyanya wa Ilula huwezi kumfundisha habari za kupanga nzuri juu. Basi likisimama, abiria huona ndoo ya nyanya nyekundu zinazong'aa. Zile za chini atazifahamu akifika kwake, na kwake ni mbali. Hiyo ni biashara, Evarista hana neno nayo. Lakini kila alipomsikiliza kaka yake, aliona ndoo ikipangwa. Kwanza, kiko gani hicho kisichotoa moshi? Ni mrija mwembamba uliopinda kidogo, mwishoni una kitufe cha mviringo chenye tundu, na tundu hilo Silvester alilishindilia tumbaku miaka nenda miaka rudi. Atawasha, atavuta mpaka mashavu yakaribie kugusana kwa ndani, na moshi wote utakaoonekana ni wa kiberiti. Ukimuuliza, atakwambia admirali hawavuti ovyo kama wakulima.

Yangeishia harusini hayo, kama ukoo usingeamua kujengea kaburi la mzee. Kujengea kaburi si jambo dogo. Kuna marumaru, msalaba, padri, pilau, na fulana zenye picha ya marehemu ambaye maisha yake yote hakuvaa fulana. Silvester akajichagua mwenyekiti wa kamati, kamati ikashukuru. Akaagiza kwamba maandishi yachongwe kwenye saruji mbichi siku ile ile, mbele ya macho ya watu wote: ADMIRALI JAILOS KIKOTI.

Hapo Evarista akashikwa na uchungu wa kweli. Uongo wa harusini huisha pamoja na soda, lakini huu ungekauka na saruji. Vijana wangepita pale wakicheka, na anayechekwa angekuwa baba yake, mtu mkimya aliyekuwa akimtajia mnunuzi kasoro za ng'ombe wake kabla hajaulizwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na neno lingine la kuandika. Alikuwa kitindamimba. Baba alikufa bila kumsimulia vita wala bahari, na yote aliyoyajua kumhusu yangetosha kwenye kiganja. Akaapa kwamba kabla saruji haijakorogwa, atajua kile kidude ni nini na baba yake alikuwa nani.

Akautumia ushangazi wake. Kwao, kuandaa vitu vya marehemu kwa ajili ya shughuli ni kazi ya shangazi wa ukoo, na hakuna mwenyekiti wa kamati anayeweza kuipinga.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene, mdogo wangu. Kuna nini tena?"

"Kiko cha baba kimechafuka. Padri anakuja, watu watapiga picha. Nipe nikakisugue."

Silvester akakitoa mfukoni kwa shingo upande. "Usikikwangue sana. Hiyo ni mali ya taifa."

"Nitakisugua kitaifa," akasema Evarista.

Akapanda basi mpaka Mbeya kwa binti yake Happy. Jirani wa Happy ni mzee Obeid, mstaafu wa jeshi letu la majini, aliyekuja kufungua duka la vifaa vya ujenzi Mbeya kwa maelezo kwamba alikuwa amechoka kulowa. Inaelekea habari za mvua za Mbeya hakuna aliyempa.

Obeid alikipokea kidude, akakigeuza mara mbili tatu, akakinusa, kisha akaketi juu ya mfuko wa saruji ili acheke vizuri.

"Mama, nani alikuwa anavuta hii?"

"Kaka yangu."

"Na bado yupo hai?"

"Yupo. Ni mwenyekiti."

Obeid akachukua spoku ya baiskeli, akachokoa tundu. Tumbaku ya harusi zote za Ilula ikatoka imegandamana, nyeusi kama lami. Akakiosha, akakifutia shati, akakikumbatia kwa kiganja, akapuliza. Ikatoka sauti nyembamba iliyopanda, ikakaa huko juu, kisha ikashuka. Mteja aliyekuwa akichagua misumari akaiacha.

"Hii ni filimbi, mama. Melini huwezi kuita watu kwa mdomo, upepo unachukua maneno yote. Mwenye filimbi ndiye anaamsha watu, anawaita kazini, anawaita kula. Mkubwa akipanda meli, huyu anampigia, halafu anakaa pembeni."

"Kwa hiyo baba hakuwa admirali."

"Admirali hata kuipuliza hajui."

Evarista alifurahi kuliko inavyofaa mtu mzima kufurahi. Akaomba afundishwe, akauliza mlio upi ni rahisi. Obeid akamwambia ni ule wa kuita watu kula. Akajizoeza uani kwa Happy mpaka majirani wakaanza kumuuliza binti mama anaondoka lini. Ndani ya basi la kurudi, likipita njiapanda ya Rujewa, alikuwa ameshapanga kila kitu. Atasimama mbele ya padri na pilau, atapuliza, ukoo utacheka, kaka yake atajua pa kuficha uso. Maandishi nayo alikuwa nayo tayari: JAILOS KIKOTI, MPIGA FILIMBI.

Siku ikafika. Silvester akahutubia. Mizinga ikalia, meli zikazama, admirali akaokoa himaya ya watu, kisha mwenyekiti akaketi akijifuta jasho. Fundi Gideoni akalainisha saruji, akashika msumari.

"Subiri, fundi," akasema Evarista. Akaitoa filimbi, inang'aa. "Kaka, hiki si kiko."

Akapuliza.

Alikuwa amejiandaa kwa kicheko na kwa hasira. Kwa alichokiona hakuwa amejiandaa. Silvester, mzee aliyevuka sabini, mwenye magoti ya kulalamikia kila ngazi, aliinuka kitini bila kushika mkongojo. Akampita padri, akaipita kamati, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa jiko la nyumba ya zamani ya baba yao, hatua chache kutoka kaburini. Hapo akasimama, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama mtoto anayengoja kunawishwa. Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni sehemu ya ratiba. Evarista akamfuata.

"Kaka?"

"Baba alikuwa ananiita hivyo," akasema Silvester, mikono bado iko mbele. "Shule hata sijaanza. Niko kule bondeni kwenye vinyungu, zile bustani zetu, nafukuza ndege, nasikia, nakimbia. Yeye mwenyewe ananinawisha. Nilisahau, Eva. Nilijua tu hiki kitu ni kikubwa. Kwa nini ni kikubwa, ndiyo nilisahau."

"Mbona aliacha?"

"Katekista alisema inaita mizimu. Baba akaifungia sandukuni."

Evarista alizaliwa filimbi ikiwa sandukuni. Hakuna aliyewahi kumpulizia aje kula. Aliitwa na mama yake, kwa makelele, kama watoto wengine wote. Alisafiri mpaka Mbeya kumtafuta baba yake, na amempata, ila ni baba wa kaka yake. Aliona wivu, na hakuwa na mtu wa kumlaumu.

"Wakubwa, saruji inakauka," Gideoni akaita kutoka kaburini. "Niandike nini?"

Kamati ikamgeukia mwenyekiti wake. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, Silvester alimwachia mtu mwingine neno la mwisho. Alimtazama mdogo wake kama mtu anayengoja kofi.

Evarista akarudi taratibu mpaka kaburini.

"Andika Jailos Kikoti," akamwambia fundi. "Chini yake andika Baba Silvester."