Nyonga Isiyolia

Jumanne saa mbili asubuhi, mstaafu wa reli mwenye mkongojo alikuwa akisubiri majibu ya picha ya nyonga yake ya kauri katika hospitali moja ya Kamina. Kauri hiyo ilipakwa madini yanayofanana na mfupa ili mfupa uishike. Kama haukushika, angepasuliwa tena.

"Rangi ya mabehewa ilikuwa inabanduka, mama," alimwambia muuguzi, akihofia madini hayo nayo yatabanduka.

"Haiko rangi, papa. Mufupa njo inaishika," muuguzi alijibu, kwamba ni mfupa wenyewe unaoyashika.

Mzee aligonga paja kwa kidole, akainamisha sikio, kama alivyopima magurudumu ya treni kazini.

"Inasema nini?" muuguzi aliuliza.

"Inanyamaza. Gurudumu nzima inalia; yenye ufa njo inanyamaza."

Sikio la kazi halistaafu. Sisi wagonjwa wengine benchini tuliinama tukisikiliza.

Saa nne daktari alitoka na picha: mfupa umeshika, mkongojo auache. Mzee alishukuru mara mbili, akaondoka akiuegemea mkongojo uleule: nyonga yake ilikuwa bado hailii.