Kilo za Mzee Tani

Mume wangu alipostaafu kazi ya mizani alipewa saa ya ukutani, na kwa miezi miwili kazi yake ikawa kuitazama. Alikaa kwenye kiti chake, kile nilichomwagizia kwa seremala baada ya vitatu vya dukani kumvunjikia, akawa anaifuata mishale inavyozunguka. Cherehani yangu ipo dirishani, kwa hiyo kutwa nzima yuko mbele ya macho yangu. Nikasema moyoni, huyu mtu ataniozea humu ndani.

Kazini walimwita Tani. Kwa miaka ishirini na saba alikaa kwenye kibanda cha mizani ya barabara kuu. Malori yalipanda juu ya bamba la chuma, naye akatoa kichwa dirishani na kutangaza: "Tani arobaini na nane na kilo mia mbili! Umezidisha!" Madereva wabishi walishuka kuja kugomba. Yeye alisimama tu. Akishasimama ugomvi unaisha, maana kichwa kinapita fremu ya mlango na mabega yanaziba mwanga. Lakini moyo wa kugomba hana hata chembe. Tangu utoto alizoea kujikunja: kwenye dawati, kitandani, hata kwenye picha za familia, ambako kwanza anaambiwa asimame nyuma, halafu anaambiwa achuchumae.

Starehe yake ilikuwa moja tu, kuvua samaki. Kila Jumapili alishuka kwenye mawe ya bwawa na fimbo yake ya kuvulia. Mwaka jana goti likagoma, daktari akamwambia mawe basi. Rafiki zake wenye boti ndogo wakampakia mara moja. Siku hiyo boti ililala upande njia nzima, na tangu hapo kila wakimwona wanakumbuka kwamba injini ina hitilafu. Alirudi nyumbani, akaiweka fimbo juu ya kabati, hakulalamika. Angelalamika, ingeniuma zaidi? Hapana. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma.

Kwa hiyo mteja wangu mmoja aliponiambia kuna mwanamke kule bwawani anauza kayaki za mitumba, ile mitumbwi ya plastiki ya mtu mmoja, unakaa juu na kupiga kasia mwenyewe, nilimwambia mzee avae viatu. Kama hakuna wa kumpakia, atajipakia.

Mwenye duka alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, penseli nyuma ya sikio. Duka lake ni banda la mabati hatua chache kutoka majini, na kayaki zake zimeegemezwa ukutani moja moja. Alimtazama mume wangu kutoka juu hadi chini bila kushangaa, jambo lililonipendeza.

"Urefu?" akauliza.

"Mita mbili na vidole viwili," nikajibu mimi. Mimi ni fundi wa kushona. Hakuna suruali aliyoivaa tangu tuoane ambayo haikupita mikononi mwangu, na vipimo vyake ninavyo kichwani.

"Uzito?"

Hapo nikakwama. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na sijui. Tepu yangu haina kilo.

"Mia na ishirini," mume wangu akasema, macho yake yakiwa kwenye makasia.

Nikacheka. Nisidanganye, nilicheka kwa sauti. "Mia na ishirini kila mguu! Mama, mimi niliolewa na wanaume wawili kwa harusi moja." Huo utani niliuanza siku ya harusi yenyewe, na bado una wateja. Nje ya banda vijana wawili waliokuwa wakiosha pikipiki wakaangua kicheko. Mwenye duka hakucheka. Aliandika 120 kwenye daftari lake.

Akatutolea kayaki ya kijani. Nyuma yake kulikuwa na kibao kidogo: mwisho kilo 180. Mume wangu akainama, akakisoma, na uso ukamkunjuka. Kwa nini ulimkunjuka nilikuja kuelewa baadaye. Kwenye malori, kibao kikisema tani kumi, tani kumi zinapita, na juu ya hapo kuna tano kwa mia ambayo watu wa mizani wanaiita huruma, kwa ajili ya matope na mvua iliyolowesha turubai. Yeye alijua fika kwamba hana kilo mia na ishirini. Lakini alisoma mia na themanini, akajiongezea na huruma, akaona mambo yamejipa: uongo umepita na chombo kimetosha.

Kumbe yule mama naye ana hesabu zake. Kibao kikisema mia, yeye anakupa sabini. Alikuwa amemchagulia mtu wa mia na ishirini na mkoba wake wa ndoano.

Tulimtazama akipanda kwenye maji ya kiunoni. Miguu ilikosa pa kwenda, magoti yakampanda hadi kidevuni. Kila akipiga kasia, linagonga goti. Kayaki za namna ile zina matundu sakafuni ya kutolea maji, na siku hiyo matundu yakafanya kazi kinyume: maji yalikuwa yanapanda. Alikaa ndani ya dimbwi lake mwenyewe, katikati ya bwawa zima. Akajaribu kusogea nyuma kidogo, kayaki ikamgeuza, akaenda chini.

Waosha pikipiki wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka kabla sijauona uso wake alipoibuka.

Baada ya hapo hata saa hakuitazama tena. Alikaa chumbani. Wiki nzima "ndiyo," "hapana," "asante kwa chakula." Jumamosi uvumilivu ukanishinda, nikazima pasi nikamfuata.

"Baba watoto, kwa nini ulimdanganya yule mama? Wewe, uliyewabana madereva wa watu kwa gunia moja?"

"Ningesema kweli ungecheka," akasema.

"Mimi?"

"Nilisema uongo na bado ulicheka."

"Ni utani tu! Unajua mdomo wangu."

"Naujua. Ungecheka, halafu jioni ungewapigia dada zako." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mimi nimetangaza uzito wa watu dirishani miaka yote hiyo. Wangu sijawahi kuutaja mbele yako. Nilikuwa nakuogopa wewe."

Nilitoka nikarudi kwenye pasi kwa hasira. Hasira ilikuwa ya haki kabisa, kwa muda wa shati moja na nusu. Halafu nikaanza kuwahesabu watu niliowahi kuwachekesha kwa mwili wa mume wangu: wakwe, mashemeji, majirani, wateja, mganga mkuu wa hospitali. Nikakumbuka kwamba kila mara yeye naye alicheka, tena kabla ya wote. Niliona aibu. Niliiunguza kola ya shati la mteja, nikakaa chini nikalia, mimi ambaye husema machozi ni ya watu wasio na kazi.

Sikumwomba msamaha kwa maneno mengi, sikujaliwa hayo. Nilimwambia, "Jumatatu twende tena. Sitafungua mdomo."

"Utaweza?" akauliza. Hakuwa anatania.

Jumatatu asubuhi alipita kwanza peke yake kwenye ghala la nafaka, wanakopima magunia. Hakuniambia amekuta nini, na mimi sikuuliza. Tulipofika bwawani waosha pikipiki walikuwepo palepale. Mume wangu aliingia bandani akiwa ameinamisha kichwa kuukwepa mlango, kisha akasimama wima.

"Mama, wiki ile nilikudanganya," akasema. "Ni mia hamsini na nne. Nimepima leo, na nguo na viatu."

Akaitamka kwa ile sauti yake ya dirishani, kila mtu akasikia. Mimi utani ulinijia mdomoni, tena mzuri. Nikaumeza.

"Mzee, mficha uchi hazai," mwenye duka akasema, akichomoa penseli. "Ukinificha kilo, samaki utawasikia kwa jirani. Na kile kibao usikisome kama cha lori. Pale ndipo chombo kinapoanza kukata tamaa. Kuelea kitaelea, lakini kuvua hutavua. Maji hayana huruma."

"Hilo nimelijua," mume wangu akasema, na wote wawili wakacheka, safari hii yeye akiwa ndiye mwenye kicheko.

Alitutolea ya rangi ya udongo, ndefu mita nne, pana karibu mita moja, kibao chake mia mbili thelathini. Akaandika: sabini kwa mia, mia sitini na moja. Zinabaki kilo saba za fimbo na mkoba. Kiti akakiteremsha, akisema mtu mrefu kifua chake tayari kiko juu, akiinuliwa zaidi anayumba. Pa kukanyagia akapasogeza mpaka tundu la mwisho. Kasia akampa refu kuliko mimi. Mume wangu akakaa, akanyoosha miguu yote miwili mpaka mwisho. Nilimtazama usoni. Tangu nimfahamu sijamwona amekaa kwenye kitu cha dukani bila kujikunja. Maji hayakupanda. Akapiga kasia mara mbili, kayaki ikateleza, akacheka peke yake.

"Sasa ajaribu maji marefu," mwenye duka akasema. "Lakini kwangu mgeni haendi peke yake, mtu wake anamfuata. Mama, vaa boya. Nakupa ile kayaki nyekundu. Uzito?"

"Mimi? Mimi nimekuja kutazama."

"Bila wewe haendi. Uzito?"

Waosha pikipiki walikuwa wameacha kuosha. Nilifungua mdomo, na ulimi ulikuwa umeshaandaa sabini na tano, laini kabisa, bila hata kuniuliza. Mkuki kwa nguruwe, wanasema. Mimi ncha yake nilikuwa siijui. Mume wangu aligeuza shingo kunitazama. Nikasubiri acheke. Alikuwa na haki ya kucheka miaka thelathini na moja mfululizo.

Hakucheka.

"Tisini na moja," nikasema, na sauti ilitoka ndogo kuliko ninavyoijua.

Mwenye duka akaandika. Mume wangu akaileta kayaki yake karibu, akanyoosha mkono, akanishikia ile nyekundu isiyumbe nikipanda.