Zamu ya Mtaro wa Mama

Kaka yangu watu wanamwita Foleni. Jina hilo alibandikwa akiwa mdogo, pale bombani, kwa sababu alizipanga ndoo za watu wazima na kumrudisha nyuma kila aliyejipenyeza. Nyumbani alitupanga hata kuingia bafuni. Mama akija na taulo begani, yeye alimwambia bila kupepesa macho, "Mama, wewe uko nyuma ya mdogo wangu." Mama alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Alipokua akawa diwani, kisha madiwani wenzake wakamchagua kuwa mwenyekiti wa halmashauri. Hakubadilika. Nje ya ofisi yake palikuwa na benchi moja refu, na aliyekuja na suti alikaa nyuma ya aliyekuja na kandambili. Wapo waliomchukia kwa hilo. Mama alijivunia, ingawa mbele yake alijifanya kumdhihaki. "Karibu, Mheshimiwa," alimwambia akimsogezea kigoda. "Leo nimepata zamu?"

Mama aliishi kwenye kichochoro kinachoishia kwenye ukuta wa kiwanda cha sabuni. Njia ya kutoka ni moja tu, na inapita juu ya mtaro mpana wa maji machafu. Zamani palikuwa na bamba la zege. Wakati wa kampeni za uchaguzi mkuu, lori la matangazo la chama cha kaka liliingia pale na spika zake kubwa na vijana wanaocheza juu. Bamba likapasuka katikati. Vijana wakashuka, wakalisukuma lori huku muziki ukiendelea, wakaenda zao. Watu wa mtaa wakaweka mbao mbili.

Chama cha kaka kilishinda nchi nzima. Mtaani kwetu kilishindwa vibaya. Fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye ndiye aliyekuwa mdomo wa chama pinzani pale mtaani, hakumpa mama nafasi ya kupumua.

"Mama Foleni, chama chenu kimeshinda, lakini kuvuka hatuvuki!"

"Wewe kashone suruali," mama alimjibu. "Ile uliyomshonea mjukuu wangu ina mguu mmoja mrefu kama ahadi zenu."

Walipendana hivyo. Siku mama alipoteleza kwenye zile mbao, goti lake bovu likamsaliti, akaingia mtaroni mpaka kiunoni, ni fundi huyohuyo aliyeruka na kumtoa. Tangu siku hiyo mama hakuvuka tena. Tulitaka kumbeba akakataa. "Mimi sijawa gunia," alisema.

Ng'ambo ya mtaro, hatua chache tu, ndipo lilipo kanisa letu. Mama alikuwa na nafasi yake benchi la pili, upande wa akina mama, na aliimba sauti ya chini ambayo wengine hawaiwezi. Sasa Jumapili alivaa vizuri, akafunga kitambaa kichwani, akaweka kiti chake ukingoni mwa mtaro. Wakianza kuimba kule, naye aliimba huku. Mchungaji alijitolea kuja kumsalia nyumbani. Mama alimshukuru, lakini alichotaka ni kukaa tena na wenzake kwenye benchi. Hakuna kingine alichokuwa akimwomba Mungu siku hizo.

Baada ya uchaguzi halmashauri ilikaa, na kaka, aliyerudi kwenye kiti chake, akasimama kutaja vipaumbele. Kwanza paa la wodi ya wazazi, lililong'olewa na upepo. Kisha bomba la maji la sokoni. Kisha madaraja ya mitaani, kwa kufuata mitaa ilivyotangulia kuomba, iwe ilitupa kura au haikutupa. Alipigiwa makofi hata na wapinzani. Nilimsubiri kwenye lile benchi, zamu yangu ikafika.

"Kaka, na mtaro wa mama?"

"Mtaa wenu haujaleta ombi."

"Ombi la nini? Lori si lilikuwa lenu?"

"Ndiyo maana. Nikianza na mlango wa mama yangu, kesho nitamwambia nini mtu mwingine? Waache walete wenyewe. Wakileta tu, linaingia kwenye zamu. Lisianzie kwangu."

"Basi tumtafute fundi mwashi tujijengee."

"Juu ya mtaro wa umma? Bila kibali? Mimi mwenyekiti?"

Nilimpelekea mama majibu hayo. Alicheka kwanza. "Huyo ndiye Foleni wangu." Kisha akaanza kulisugua goti lake. "Lakini mwambie mimi si mtaa. Mimi ni mama yake."

Nilimwambia. "Mwambie avumilie kidogo," kaka alisema. Jumamosi alikuja mwenyewe, akazipita zile mbao na mkate mkononi, wakakaa na mama wakazungumza habari zote za dunia isipokuwa mtaro.

Mama alifariki usingizini, kuamkia Jumapili. Nilipoingia kumwamsha nilikuta nguo zake za kanisani zimetandazwa juu ya kiti. Mungu alimwita, na hilo silipingi.

Jeneza lilivushwa na watu wa mtaa, wale wale ambao hawakutupa kura. Mbao zilianza kuyumba. Fundi cherehani akashuka ndani ya maji na suruali yake nzuri, akazishikilia kwa bega mpaka mama akavuka. Hivyo ndivyo alivyorudi kanisani.

Baada ya maziko fundi alimfuata kaka uani.

"Mheshimiwa, pole sana. Lakini niruhusu nikuulize. Kwa nini hukujenga?"

"Hamkuomba," kaka alisema.

"Tukuombe?" Fundi alimkazia macho. "Mtu anaombwaje njia ya mama yake mwenyewe? Tuliona aibu. Tulisema, hata kama anatununia kwa ajili ya kura, kwa mama yake hatangoja kuambiwa. Tukawa tunakusubiri uje na saruji, ili na sisi tupitie mgongoni kwa mama."

Kaka akasema, "Na mimi nilikuwa nawasubiri nyinyi."

Wiki hiyo mtaa ukapeleka ombi. Kaka aliliweka mwisho wa madaraja yote, kwa kuwa ndilo lililofika mwisho. Nililia mbele yake.

"Sasa unamwogopa nani, kaka?"

"Mama nilimweka kwenye foleni," alinijibu. "Leo nimruke nani, na kwa ajili ya nani?"

Zamu ilipofika daraja lilijengwa, zuri, lina vyuma vya kushikia pembeni. Jumapili ya kwanza kaka alikuja mapema, amevaa suti aliyovaa kwenye maziko. Kengele ikagongwa. Fundi akamwambia, "Mheshimiwa, tangulia."

Kaka alisogea pembeni. Akatupisha wote, akina mama, watoto, fundi na mkewe. Mimi nilivuka nikageuka kumtazama. Alikuwa bado upande ule, ameshika chuma cha daraja, karibu na pale mama alipokuwa akiweka kiti. Kanisani wimbo ulikuwa umeshaanza.

Namwombea. Namwomba Mungu amwambie siku moja, kwa njia anayoijua Mungu peke yake, kwamba mama hakumkasirikia. Mimi nimejaribu kumwambia, lakini kwangu hasikii.