Kabla ya Kengele ya Tatu

Jumapili, mlangoni mwa kanisa moja huku Lushoto, mama mwenye mtoto mgongoni alikamata kipande cha reli kinachogongwa kama kengele. Mzee wa kanisa alikuwa ameshainua nyundo.

"Shikamoo mzee. Usigonge ya tatu. Mtoto anabatizwa leo, na baba yake bado yuko kwenye mazoezi ya mbio za mkoa."

"Marahaba. Ikilia, mlango unafungwa. Mbio zake hazinihusu."

"Wiki nzima nimelima zamu yake shamba la ujamaa. Leo lazima ambebe mwanawe. Ukitaka, gonga mkono wangu!"

Nyundo ilibaki juu. Mkono haukuondoka relini.

Ndipo mume akatokea kilimani, peku, akihema. Mama akamkabidhi mtoto, akamgeukia mzee: "Sasa gonga."

Mume akishinda mbio hizo, magazeti yatamwandika aliyekimbia. Mimi namwandika aliyesimama.