Toroshi Inayozimika Mbio

Miye sijawinda hata panya maishani mwangu. Lakini toroshi ya kichwa ambayo bwana yangu aliwindia nungunungu wakati wa vita, ni miye niliichagua. Nikisikia mutu anasema banamuke habajui mambo ya giza, ninamuacha aseme mpaka achoke.

Tulikuwa tunakaa upande wa Musienene, kwenye mulima wa viazi na maharagi. Basoda, ni kusema maaskari, balikuwa bameshuka kutoka Beni, bakaweka kambi kwenye kilima cha ng'ambo, kijito tu ndicho kilitutenga. Kuku zetu zikaisha, mbuzi zikaisha. Nungunungu peke yake hakuisha. Kila asubuhi nilikuta matuta yamechimbuliwa na viazi vimetafunwa nusu nusu, kama vile mutu ameonja akakataa. Nilikasirika sana. Kama ni kula, si ule kimoja ukimalize! Batoto bangu balikuwa banalala na njaa sababu ya munyama anayechagua.

Zamani banaume baliwinda pamoja, na mbwa wao, na kengele za mbao kwenye shingo za mbwa. Vita ikaharibu ile yote, kwa sababu kelele iliita basoda. Sasa kila mutu alitoka peke yake alfajiri, na mukuki wake. Bwana yangu alikuwa anashika toroshi ndogo kwa meno, mate yanamushuka kwenye kidevu. Siku moja chafya ilimushika, toroshi ikaanguka, nungunungu akamupita kati ya miguu. Donc akasema sasa anataka toroshi ya kichwa, ile ya mukaba, ili mikono ibaki huru. Yeye mwenyewe hakuweza kwenda kuinunua mujini Butembo, maana barabarani basoda balikamata banaume kubeba mizigo yao. Akanituma miye, siku ya kupeleka maharagi. Akaniambia nichukue ile inayoona mbali.

Nilimuitikia ndiyo. Mais njia yote, nikitembea nyuma ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyobeba magunia yetu, nilikuwa nawaza kingine. Toroshi inayoona mbali inaonekana mbali pia. Basoda wale balikuwa banapiga risasi hata vimulimuli. Na miye sikutaka kuwa mujane juu ya viazi.

Tulikuwa tunatembea na jirani yangu, mama mumoja wa kanisa letu, mwenye kucheka sana. Yeye pia alikuwa ametumwa toroshi. Na bwana yake na bwana yangu bana jina moja. Kwetu majina yanafuata kuzaliwa: kijana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, na kila nyumba inatumia yale yale. Hawa wote babili ni vijana wa nne. Ukiita jina lao pale mutoni, nusu ya mulima inaitika.

Mwenye duka alikuwa baba mwenye tumbo, kila mutu anamuita papa, aliwahi kufika Dubai mara moja, na hakuna siku alisahau kutuambia. Akapanga toroshi kwenye meza, akaziwasha zote. Nikamwambia mchana toroshi zote zinafanana, nataka kuziona gizani. Akatupeleka depo ya nyuma, kati ya magunia ya chumvi na makayabo, ile samaki ya chumvi, akafunga mulango. Muke wake akaingia pia, kuangalia ni banamuke gani banafungiwa depo na bwana wake. Nilimuelewa. Hata miye ningeingia.

Ya kwanza ilikuwa mupya, nyeupe, inapiga mpaka ukutani unaona buibui na mayai yake. Papa akasema hata makomanda banaichukua ile. Nikamuomba aizime. Akabonyeza, ikapunguza. Akabonyeza tena, ikaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, macho yakaniuma. Akabonyeza tena, ndipo ikazima. Akasema ule ndio ufundi wake. Ya pili ilikuwa na sanduku la pile, ni kusema betri, la kufunga kiunoni, na waya murefu wa kupanda mugongoni, na kifungo kigumu cha kuzungusha. Nikairudisha. Papa akaanza kuchoka na miye, akaanza tena kunihesabia mita za mwanga.

Nikamwambia, "Papa, kila mutu ananionesha venye inawaka. Miye nataka kuona venye inazimika."

Akachimba chini ya sanduku, akatoa moja mbaya, ya manjano, mwanga wake kama chai ya mugonjwa. Lakini mbele ya kipaji cha uso ilikuwa na kifungo kipana cha kusukuma. Niliivaa mwenyewe juu ya kitambaa changu cha kichwa. Nikamuambia papa apige kofi wakati wowote atakao. Kila akipiga, kidole changu kinasukuma, giza. Anapiga, giza. Jirani yangu alicheka mpaka akakaa juu ya chumvi. Muke wa papa naye alianza kucheka, kisha akaacha. Akauliza tunatoka upande gani. Nilipomuambia, akamugeukia bwana wake, akasema anipe ile ya manjano na asinisumbue tena.

Jirani yangu akachukua ile nyeupe. Alisema bwana yake ana kiburi, taa ya manjano angeitupa kwa choo. Nilimuambia mambo ya kile kifungo, akasema mutu mwenye akili atajifunza kubonyeza. Hatukugombana. Kila mutu anamujua wake.

Bwana yangu naye, alipoiwasha nyumbani, aliniuliza kama nilikwenda Butembo ao nilikwenda kwa babu yangu. Akanuna. Siku ile nilikataa kupakua chakula mpaka aizime mbele yangu mara nyingi, kila mara na kofi langu, batoto banaangalia. Alifanya kwa hasira, lakini alifanya.

Halafu ikaja asubuhi moja ya ukungu. Bwana yangu alikuwa ameshatoka. Nilikuwa ninapuliza moto, nikasikia sauti za basoda ng'ambo, kisha risasi, kisha kimya. Nilibaki na kuni mukononi. Jua likatoka, hakurudi. Nikaenda barabarani, nikakuta jirani yangu ameshafika, bila viatu. Wake pia hakurudi.

Ndipo mutu wa chukudu akashuka kutoka juu, anapiga breki kwa kiatu. Akasema basoda bamekamata mutu kwenye mashamba, na toroshi kwenye kichwa, banasema alikuwa anaitia adui. Tukamuuliza ni nani. Akataja jina.

Lile jina. La bwana yangu, na la bwana yake. Jirani yangu alinishika mukono, na miye nikamushika, na hakuna aliyejua nani anamufariji mwenzake. Tulimuuliza ni murefu ao mufupi, akasema hakumuona, aliambiwa tu. Lakini kitu kimoja kikanisimama mbele ya macho. Nikamuuliza ile toroshi ilikuwa inawaka namna gani. Aliniangalia kama mutu mwenye wazimu.

"Banasema ilikuwa inawaka inazimika, inawaka inazimika," akasema. "Kama mutu anayeita wengine."

Mungu wangu. Furaha ilinipanda kutoka magoti, sikuweza kuizuia. Nilifunika kinywa na kitenge, kicheko kikatoka pembeni hata hivyo, na machozi pamoja. Wangu alikuwa muzima. Basi nikageuka, nikaona mwenzangu amekaa chini kwenye vumbi. Alikuwa ameelewa wakati ule ule.

"Cheka tu, mama," akaniambia. "Hata miye ningecheka."

Hakusema kwa hasira. Nilitaka anitukane. Nilikaa chini karibu yake.

Tulikuwa bado chini pale wakati bwana yangu alitoka kwenye migomba, udongo mpaka kwenye masikio, na nungunungu amefungwa kwa kamba mugongoni. Alikuwa amemuchoma munyama mukuki tayari wakati basoda balipopita. Alisukuma kifungo, akalala kifudifudi kwenye mutaro wa viazi, juu ya nungunungu wake, miiba na yote, mpaka sauti zikaisha. Nilimupiga bega, nikamushika, nikamupiga tena. Kisha nikamufungua yule munyama.

Kambini hakwenda mwanaume, bangemufunga naye. Tulikwenda miye na jirani yangu, tumebeba nungunungu katikati yetu kwa fimbo. Tukamuweka mbele ya komanda. Nikamuambia huyu ndiye adui tunayemuwinda, anakula viazi vyetu, na kama anataka ushahidi amuangalie meno. Sauti yangu ilitoka kavu. Aliangalia miiba, akaangalia nyama. Basoda bake bakaanza kusogea, banameza mate. Yeye akaingia ndani ya hema, muda murefu. Tukakaa kwenye majani.

Askari mumoja akatoka, akaita kwa nguvu: muke wa fulani ni nani? Alitaja lile jina.

Tulisimama sisi babili, pamoja. Tulisema "Miye" kwa sauti moja. Sikufikiri. Ni jina ambalo ninaitikia tangu nilipoolewa, na kwa kweli asubuhi ile sikujua tena kuligawa. Yule askari akatuangalia, akapiga kelele kwa Lingala akiita benzake baje kuona, muwindaji maskini ana banamuke babili. Kambi yote ikacheka. Komanda alitoka anacheka pia, ile toroshi nyeupe kwenye kichwa chake mchana kweupe, akasema bamutoe kwenye shimo la bafungwa, tuondoke naye sisi wote babili.

Bwana wa jirani yangu alitoka bila shati, mudomo umevimba, muzima. Aliposikia risasi alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza tena, akapoteza hesabu. Muke wake alimuongelesha maneno makali kutoka kambini mpaka kwenye mulango wao, hakupumua. Nilikuwa natembea nyuma, na nilipenda kila neno.

Nyumbani bwana yangu alikuwa amemenya viazi, kitu sijawahi kuona. Nilikaa karibu na moto, nikaanza kulia, kulia kwa sauti, batoto bakaogopa. Akaniuliza sasa ninalia nini, na kila mutu ameshafika kwake. Nikamuambia aniache tu, asubuhi sikupata nafasi.