Apana Isiyo na H

Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Mutanga Nord, nilihudhuria fainali ya midahalo ya wanafunzi. Kando yangu mkufunzi alimnong'oneza mwanafunzi wake, msichana kutoka mtaa wa Kinama: "Mwanangu, jaji wa leo ni mwalimu wa lugha. Useme 'hapana', na h."

"Raundi ya kwanza jaji alikuwa pasteri, nikaleta mustari wa Biblia," akajibu. "Ya pili alikuwa mama wa bandarini, nikaleta mifano ya magunia. Mifano nabadilisha, papa. Apana yangu, apana."

Akasimama, akabomoa hoja za wapinzani moja baada ya nyingine. Jaji akavua miwani.

"Umesema 'apana' mara nne. Ukisahihisha, kombe ni lako. Utasahihisha?"

Msichana akaweka mikono mgongoni. "Mwalimu, ulielewa kile nilikataa?"

"Nilielewa."

"Basi, apana."

Kombe likaenda kwa wengine.

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na mvi, na gazeti ninaloliandikia nalo lina majaji wake. Ndiyo maana mimi huandika "hapana". Lakini mhariri akinitaka niandike kwamba binti yule alikosea, jibu langu halitakuwa na h.